Ufaransa wana Mona Lisa, sisi tuweke nini? Jibu langu kutoka Mwenge

Wakuu, salaam.

Mwalimu aliyeanzisha uzi anapamba ukuta wa darasa lake hapa Dar kwa kazi za sanaa zinazotambulisha mataifa. Ameshapata Mona Lisa ya Ufaransa, Guernica ya Hispania, wimbi la Hokusai la Japani na kinyago cha Malkia Idia cha Nigeria. Anauliza Tanzania aweke nini. Mchangiaji mmoja akamjibu kwamba hatuna kitu: picha za rangi za Tingatinga na vinyago ni bidhaa za watalii, vimeanza juzi, na Wamakonde wenyewe wametoka Msumbiji. Nilisubiri nione nani atampinga, nikaona watu wanamuunga mkono tu. Mimi nakula kwa kazi hii ya vinyago. Nilianza nikiwa kijana, nikipiga msasa kwenye kibanda cha mjomba wangu pale Mwenge, soko la vinyago hapa Dar, na sasa nauza mwenyewe. Kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Mwalimu, weka ujamaa. Nazungumzia kile kinyago cha gogo moja la mpingo ambacho watu wamepandana kuanzia chini hadi juu, huyu kambeba yule. Kabla sijasema kwa nini, tuzipitie hizo kazi ulizozibandika tayari, maana ndizo zinazomjibu huyo ndugu yetu.

Anasema Wamakonde wametoka Msumbiji. Sawa. Mona Lisa ilichorwa na nani? Leonardo da Vinci alikuwa Mwitaliano, na alianza kuichora Florence mwaka 1503 hivi. Ilifika Ufaransa kwa sababu yeye mwenyewe alihamia huko uzeeni kwa mwaliko wa mfalme Francis I. Mwaka 1911 fundi mmoja wa Kiitaliano, Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi Louvre, makumbusho ya Paris inapotunzwa, aliiiba, akakaa nayo miaka miwili, halafu akakamatwa Florence akidai alikuwa anairudisha kwao. Waitaliano waliionyesha kwa watu wao, kisha wakairejesha Paris. Hakuna anayewauliza Wafaransa leo kwa nini wanajivunia picha ya mgeni.

Guernica nayo Picasso aliichora Paris mwaka 1937, baada ya ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa upande wa Jenerali Franco katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania kuushambulia kwa mabomu mji wa Guernica tarehe 26 Aprili. Ikakaa New York miongo kadhaa. Hispania iliipata mwaka 1981, Franco akiwa ameshakufa na demokrasia imerudi. Picha ilizaliwa ughaibuni, ikakulia ughaibuni, na bado ni ya Wahispania kabisa, kwa kuwa kilio kilichomo ni chao.

Hoja ya kuuza ndiyo inayoniuma zaidi, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Lile wimbi la mchoraji Hokusai ni chapa. Lilichongwa kwenye vibao vya mbao mnamo 1831, mzee akiwa ameshapita miaka 70, kisha zikapigwa nakala kwa maelfu, zikauzwa kwa watu wa kawaida mitaani. Kazi ya biashara tangu siku ya kwanza. Hata ile buluu yake iliyokolea inatokana na rangi iliyogunduliwa Berlin. Wajapani hawakuona aibu. Mwaka 2024 wameliweka wimbi hilo kwenye noti mpya ya yeni 1,000. Sasa Mtanzania akinunua rangi ya baiskeli dukani akachora chui, nani aliyesema hiyo haihesabiki?

Rudi kwenye mpingo.

Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika na kukimbia shuruti za Wareno, na wengine wakaja vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza mwaka 1964. Kwao walikuwa wanachonga tangu enzi, hasa vinyago vya mapiko vya kuvaa kwenye ngoma za jando. Walipofika Dar wakakuta soko na wachuuzi, akiwemo Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyenunua kazi zao na kuwahimiza wachonge wanavyojisikia. Wazee wa kazi husimulia kwamba mtindo wa shetani, yaani sanamu za mizimu zenye maumbo ya ajabu, ulitoka kwa Samaki Likankoa miaka ya 1950, mkono wa sanamu ulipomvunjikia akaiacha na umbo lake la ajabu. Na mtindo wa kupandana unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, aliyechonga mshindi wa mieleka akiwa amenyanyuliwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jina la ujamaa likaishika kazi hiyo moja kwa moja. Msumbiji nao wanajivunia Wamakonde hao hao, na wana haki. Lakini ujamaa ulichongwa na kukomaa hapa, kwenye vibanda vya jiji hili, na watu waliofika wageni wakawa wenyeji. Mimi sioni kitu kinachoisema Tanzania vizuri kuliko hicho.

Nataka wasomaji mjue inavyotengenezwa, kwa sababu wengi mnapita tu na daladala. Fundi hachori kwanza. Analiweka gogo mbele yake, analizungusha, anatazama limepinda wapi. Kwa tezo anaondoa sehemu ya nje, ile nyeupe ya manjano, mpaka akute moyo mweusi. Mpingo hukua polepole sana, gogo la maana ni la mti wa miongo mingi, hivyo hakuna kutupa. Gogo likiwa na tundu, tundu linakuwa nafasi kati ya mkono na kiuno cha mtu. Likiwa na kigongo, kinakuwa mgongo wa bibi aliyejitwika. Halafu patasi, halafu tupa, halafu ndiyo tunakuja vijana wa msasa. Ndani kule katikati ya miguu na shingo karatasi ya msasa haipiti, kwa hiyo unaizungushia kijiti na kusugua polepole kwa ncha ya vidole. Unga wake mweusi unaingia puani mpaka usiku unapiga chafya nyeusi. Mwisho inapakwa nta, inasuguliwa kwa kitambaa, ndipo nyuso zinapotokea moja moja: mama mwenye mtoto, mwenye jembe, mzee aliyekaa chini kabisa akiwabeba wote. Kazi kubwa inachukua miezi, na hakuna kiungo kilichogundishwa. Ni gogo moja.

Kuna mchangiaji kapendekeza Sanamu ya Askari pale Posta. Naipenda, kila mtu wa Dar ameshakutana na mtu chini yake. Ila mwalimu awaeleze watoto vizuri. Pale pale Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, Waingereza wakaiondoa walipouteka mji mwaka 1916, na mwaka 1927 wakazindua huyu Askari kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na huyo huyo ndiye aliyefanya sanamu za askari za Nairobi na Mombasa. Kama alama ya mji, sawa kabisa. Kwa taifa, hapana, maana kuna nchi ya pili yenye ndugu zake.

Tingatinga je? Weka pembeni ya ujamaa, inastahili. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, akaanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta, akiuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, wakimdhania jambazi. Alichora miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mpaka leo ushirika wao upo pale pale Oysterbay. Mwalimu akiweza, awapeleke watoto waone mtu anavyotia nukta za mgongo wa chui, moja moja, rangi ya chini ikiwa imeshakauka.

Kitu kimoja huyo ndugu amekipatia, ingawa hakukikusudia. Kazi zetu nyingi nzuri zinaondoka. Ujamaa mrefu, ule wa kufika kifuani kwa mtu mzima, ukikamilika leo, karibu mara zote anayeuchukua ni mgeni, unafungwa kwenye kreti, unakwenda zake. Na hapo ndipo kinyago cha Malkia Idia kinaponitisha. Waingereza walikichukua kwa nguvu mwaka 1897 kutoka ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo. Nigeria ilipoandaa FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, mwaka 1977, ikakifanya nembo na kuomba ipatiwe, makumbusho ya London ikakataa, ikabidi Wanigeria wachonge nakala. Kile kiliporwa. Vyetu tunaviuza wenyewe, kwa bei ya mgeni aliyejua kupunguza, huku sebuleni kwetu tumetundika maua ya plastiki na picha ya maporomoko ya maji ya nchi tusiyoijua.

Kwa hiyo mwalimu, ombi langu ni hili. Hizo nyingine zichapishe kwenye karatasi, hakuna namna. Ya kwetu usiichapishe, iweke yenyewe. Ujamaa mdogo wa saizi ya mkono haukushindi, mchangishane wazazi. Ukija Mwenge usinunue kwa weusi, kuna mbao nyepesi zinapakwa kiwi ya viatu. Unyanyue kwanza, mpingo ni mzito kupita unavyotazamia. Geuza uone kitako: fundi mwaminifu mara nyingi anaacha mahali ambapo ule weupe wa mti bado unaonekana, na ukikwaruza kwa ukucha hautoki rangi. Muuzaji akikuruhusu, utumbukize kwenye ndoo ya maji, mpingo halisi unazama. Na waache watoto waushike wote, zamu kwa zamu, wahesabu watu waliomo kwenye gogo hilo moja. Njoo siku ya kazi, asubuhi, mafundi wakiwa wanachonga, nitakuonyesha vibanda vyenye kazi safi hata kama hutanunua kwangu.