Maswali na majibu: Neno "toil" na kazi inayomponda mtu

Maswali ya juma hili yanahusu neno la Kiingereza "toil" na majirani zake. Nimeyateua kwa makusudi, kwa sababu wafasiri wetu hulikosea kila siku na wanaopaswa kuwasahihisha wananyamaza.

Neno "toil" lina maana gani hasa, na limetoka wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ni kazi ngumu, ya muda mrefu, inayoula mwili wa anayeifanya. Kukata mkonge tangu alfajiri, ukikwepa mwiba wa ncha ya jani usikutoboe jicho, kisha kuyafunga majani mafungu mafungu na kuyabeba begani, hiyo ni "toil". Kuandika ripoti ofisini si "toil", hata ripoti ikiwa ndefu. Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na mashine ndogo ya kupondea zeituni iliyoitwa "tudicula", jina linalotokana na "tudes", yaani nyundo, na nyuma ya nyundo hiyo kuna kitenzi "tundere", kupiga au kutwanga. Jina la mashine likazaa kitenzi cha kuponda na kukoroga, Kifaransa cha kale kikakirithi kwa maana ya kukoroga, kuburuta na kuchafua, na Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 kikakivusha bahari. Lakini neno lilipoonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 14, halikuanza na maana ya kazi: lilikuwa ugomvi, mabishano, vurugu za vita. Kutoka kwenye kupambana na adui likahamia kwenye kupambana na maisha, na hapo ndipo likatua juu ya kazi. Wapo wanaofundisha kwamba limetokana na "soil", udongo, eti kwa kuwa mkulima huinama shambani. Waombeni maandishi yanayoonyesha njia hiyo. Hawatayaleta, kwa sababu hayapo.

Je, "toil" na "toilet" ni ndugu? (Wasomaji kadhaa)

Hapana. Nimekwisha kulijibu swali hili, na naomba lisirudi. "Toilet" ni kitambaa kidogo, kutoka "toile" ya Kifaransa, kitambaa, ambayo nayo imetoka katika "tela" ya Kilatini, kitu kilichofumwa. Kilikuwa kitambaa cha kutandika juu ya meza ya kujipambia kabla ya neno kufika msalani. Ukoo huo huo wa kitambaa ndio uliozaa "toils", nyavu za kuwindia, neno ambalo mfasiri mvivu huligeuza kuwa "kazi" na kumwacha swala "amenaswa katika kazi zake". Kufanana kwa sauti si ushahidi.

Mwalimu wetu hutafsiri "toil" kuwa "kufanya kazi kwa bidii". Yuko sahihi? (Msomaji, Mombasa)

Hayuko sahihi, na kosa lake si dogo. Bidii ni sifa ya moyo, nayo husifiwa. "Toil" ni hali ya mwili, nayo huhurumiwa. Mwenye bidii anaweza kuwa na raha tele, lakini anayesulubika hana. Kiswahili hakikupungukiwa: tunayo kusulubika, kutaabika, kusumbuka, kumenyeka, na kazi ya sulubu. Tazama Biblia ya Union Version. Katika Mathayo 6:28, pale wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walipoandika kwamba maua "toil not", sisi tunasoma "hayafanyi kazi, wala hayasokoti". Kitenzi cha Kigiriki mahali hapo ni kile kile cha Mathayo 11:28, ambapo tafsiri hiyo hiyo inasema "ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo". Nadhani mfasiri alibanwa, maana katika aya ile ya maua alikuwa amekwisha kulitumia neno "kuyasumbukia" kwa maana ya kuwa na wasiwasi. Hata hivyo "kufanya kazi" kumeondoa uchovu wote uliokuwamo. Na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba jina la Kigiriki lililozaa kitenzi hicho, "kopos", nalo mwanzoni lilikuwa pigo. Neno la Kigiriki na lile la Kilatini, kila moja kwa njia yake, yalianzia kwenye kipigo yakaishia kwenye kazi. Anayewaita wachukuzi wa bandarini "watu wenye bidii" amewasifu, lakini hajasema linalowapata migongoni.

Ni kweli kwamba "travail" ni chombo cha mateso? (Msomaji, Bujumbura)

Asili inayotolewa na kamusi kubwa ni "trepalium" ya Kilatini cha baadaye, chombo cha kutesea kilichoundwa kwa miti mitatu. Kifaransa kikalifanya kuwa kazi ya kawaida, Kiingereza kikalibakiza katika taabu na uchungu wa uzazi, kisha kikatoa humo "travel", safari, maana safari za zama hizo zilikuwa mateso. Sisi pia tunao mfano wetu: sulubu, kusulubisha na msalaba vyote vina mzizi wa Kiarabu wa s-l-b. Lakini naonya: asili ya neno si maana yake ya leo. Mfaransa anayekwenda kazini asubuhi haendi kuteswa, na mhubiri anayejenga fundisho zima juu ya ile miti mitatu amejenga juu ya mchanga.

Churchill alisema "damu, jasho na machozi". Mbona humtaji? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu hakusema hivyo. Tarehe 13 Mei 1940, katika bunge la Uingereza, akiwa waziri mkuu, alitaja vitu vinne: damu, "toil", machozi na jasho. Watu wameliacha lile la pili, nalo ndilo lililowahusu wafanyakazi wa viwandani na migodini.

Fomu yangu ya likizo imeandikwa "TOIL, siku 3". Nimepewa adhabu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Hizo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza "time off in lieu", yanayomaanisha mapumziko badala ya malipo ya saa za ziada. Zihesabu saa zako mwenyewe kabla ya kutia sahihi.