Kukata picha kwa proksi: kata kwenye request

Ndugu, umeuliza namna ya kutengeneza proksi yako (programu ya katikati inayopitisha mtandao wa ofisi) hapo Kadutu, uone nini kinakula mega za ofisi na uzuie picha nzito. Usianzie sifuri. HTTPS, yaani tovuti zilizofungwa kwa siri, ndiyo ngumu: proksi inabidi ijifanye seva, itoe cheti chake papo hapo kwa kila tovuti. Programu ya mitmproxy inafanya hayo bure, na skripti zake ni Python ya kawaida. Unaandika funksheni mbili, request (ombi linapotoka) na response (jibu linaporudi), kila moja inapewa flow, yaani ombi pamoja na jibu lake. Humo unasoma na kubadilisha anwani, hederi, hata mwili wenyewe. Unaiwasha kwa mitmdump -s skripti.py.

Sasa hapa usikilize vizuri: ukiondoa picha ndani ya response, mega zimeshakwenda, maana picha imekwisha kufika kwako. Ikatie kwenye request, kabla haijatoka, kwa flow.kill(), inayolikata ombi, au kwa kujibu wewe mwenyewe. Kuzipunguza ukubwa kuna faida tu kama proksi iko kwenye seva ya nje ya ofisi. Na ukipima ulaji, hesabu urefu wa raw_content, yaani mwili kama ulivyofika, bado umebanwa. Content imeshafumuliwa, itakudanganya.

Cheti cha kuweka kwenye simu kinapatikana kwenye ukurasa wa mitm.it, simu ikiwa tayari inapitia proksi. Toka Android 7 programu nyingi zinakikataa. Zipitishe bila kuzifungua, kwa mpangilio wa ignore_hosts.

Ila wenzako wa ofisi waambie mbele. Kwa cheti hicho utaona maneno yao ya siri, na hiyo hawajakuruhusu bado.