Leseni ya tiba ya usemi Marekani: jibu la wazi kwa mliosomea nyumbani

Swali linalotufikia kutoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ni lilelile: nina shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha, nikifika Marekani naweza kuanza kazi? Jibu ni hapana, na afadhali mlisikie kabla hamjauza kiwanja. Leseni kamili inadai shahada ya uzamili.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba leseni hii si ya taifa, ni ya jimbo. Florida ndiyo iliyotangulia, mwaka 1969, na majimbo mengine yakafuata, kila moja na sheria yake. Texas unaomba kwa idara ya leseni iitwayo TDLR, California kuna bodi maalumu, Minnesota ni Idara ya Afya. Kwa hiyo amua kwanza utaishi jimbo gani, ndipo ulipie karatasi. Wengi huchanganya leseni na cheti cha ASHA, kile cha CCC. Hicho ni cheti cha chama cha wataalamu wa usemi na usikivu Marekani. Kinarahisisha maombi na waajiri wengi wanakitaka, lakini peke yake hakikupi ruhusa ya kisheria ya kumhudumia mgonjwa. Na usijilinganishe na aliyetokea London au Toronto: Uingereza, Kanada, Ireland, Australia na New Zealand vyama vyao vina makubaliano na ASHA ya kutambuana. Hakuna chama cha Afrika kwenye makubaliano hayo.

Njia ambayo haina mabishano ni kusoma uzamili hukohuko Marekani, kwenye programu iliyoidhinishwa na CAA, baraza linalokagua programu za fani hii, kwa kawaida miaka 2. Watakudai pia masomo ya msingi: takwimu, biolojia, fizikia au kemia, na sayansi ya jamii. Lililokosekana unalisoma upya kwa ada yako.

Mnaoomba kwa kutumia shahada za nyumbani, mtakwama kwenye karatasi. Transkripti inayoonyesha "Fonetiki: 68" haimsaidii anayelinganisha masomo. Anataka maelezo ya kila kozi: saa za darasani, saa za vitendo, mada zilizofundishwa, yakiwa na mhuri wa chuo. Bahasha itoke kwa msajili moja kwa moja. Ukiifungua wewe, hata kwa kuchungulia tu, imekufa. Shahada ya miaka 3 mara nyingi huhesabiwa kuwa pungufu ya shahada ya Marekani ya miaka 4. Na daftari la saa za kliniki ndilo lenye thamani kuliko yote. ASHA inataka saa 400: 25 za kutazama na 375 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Andika kila siku tarehe, mtoto au mtu mzima, aina ya tatizo, tathmini au tiba, dakika ngapi, kisha saini ya msimamizi na namba yake ya usajili. Msimamizi akihama au akifariki kabla hajasaini, hakuna mtu wa kuzithibitisha saa hizo. Dai saini leo, ungali uko naye.

Mtihani ni Praxis 5331, maswali 132 kwa dakika 150, na ASHA inataka alama 162. Unaposajili, iweke bodi ya jimbo lako kwenye orodha ya wapokeaji wa matokeo.

Baada ya shahada unakuja mwaka wa kazi chini ya msimamizi, na hapa ndipo wanafunzi wa viza ya F-1 wanapoumia. Unatakiwa wiki 36 za kazi ya muda wote, jumla isiyopungua saa 1,260, na msimamizi mwenye CCC. Ruhusa ya kazi baada ya masomo, OPT, ni miezi 12, na ndani yake huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 bila ajira. Hesabu hiyo inatosha, lakini haina nafasi ya uzembe. Majimbo mengi yanadai leseni ya muda kabla hujaanza. Texas wanaiita leseni ya intani. Ukianza bila hiyo, saa zinaweza kufutwa na umevunja sheria ya jimbo. Omba mara tu shahada inapothibitishwa. Ukipata mwajiri wa kukuombea viza ya kazi ya H-1B, kumbuka tiba ya usemi na audiolojia, yaani fani ya usikivu, zinadai pia uthibitisho wa mhudumu wa afya, unaojulikana kama VisaScreen.

Audiolojia ni ndefu zaidi: shahada ya udaktari, AuD, kwa kawaida miaka 4, wa mwisho ukiwa wa mafunzo kazini.

Mwenye shahada ya kwanza aulizie leseni ya msaidizi. Texas inaitoa, kwa masharti ya kozi na saa za vitendo. Ni kazi ya heshima, ila huruhusiwi kufanya tathmini wala kutoa utambuzi wa tatizo.

Kiswahili chako ni mali. Mtoto wa Kikongo anayesema "desiki" badala ya "desk" anafuata silabi za lugha yake, hana ugonjwa, na majaribio yaliyosanifiwa kwa watoto wa Kiingereza humwonea. Kuwa mkalimani kwenye kikao hakuhitaji leseni ya tiba. Kueleza maana ya matokeo ya vipimo kunahitaji.

Na wanaotaka kuhudumia wateja wa Marekani kwa video wakiwa nyumbani: leseni inayotakiwa ni ya jimbo alipo mteja wakati wa kikao. Mtoto akihamia Ohio, leseni yako ya Texas haimfuati, isipokuwa majimbo yote mawili yawe kwenye mkataba wa majimbo wa kutambuana leseni, ASLP-IC, na uwe umepata ruhusa yake. Tena bima za afya za serikali, Medicare na Medicaid, hazilipii huduma inayotolewa ukiwa nje ya nchi.