Miaka yote nacheza gemu hilihili, leo ndo nasikia ngoma?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nina Super Mario World tangu nikiwa mdogo, nimeimaliza sijui mara ngapi. Juzi naicheza, mdogo wangu kakaa pembeni, akaniuliza mbona ukimpanda yule dinosaria, Yoshi, ngoma zinaongezeka kwenye muziki? Nikamwambia unaota wewe. Nikashuka, ngoma zikakata. Nikapanda, zikarudi! Miaka yote hiyo sijawahi kuzisikia jamani. Ni masikio yangu ndo mabovu au? Na kama kuna mengine, nitayapataje bila kwenda kuchungulia majibu?

JIBU: Masikio yako mazima kabisa na mdogo wako hakuota. Hizo ngoma zimo tangu gemu lilipotoka Japani mwaka 1990, muziki wake ni wa Koji Kondo, na ujanja wenyewe ni kwamba wimbo haubadiliki, ni uleule, wanauwekea ngoma tu kwa juu ukishapanda, kwa hiyo kichwa kikisikia ni wimbo ule kinaojua basi hakihangaiki tena nao. Halafu wewe ulikuwa bize kuruka mashimo. Aliyekaa pembeni hana padi mkononi, haogopi kufa, ndo maana kasikia yeye. Mi nakushauri umpe padi kabisa, acheze yeye wewe usikilize, utashangaa.

Njia nyingine ni kutofanya kitu. Kweli kabisa. Tumezoea kukimbia, steji ikiisha tunabonyeza, kumbe kuna vitu vimewekwa kwa ajili ya mtu aliyesimama tu. Kwenye gemu lako hilohilo, fika kwenye ramani ya Special, ile ya steji za siri, weka padi chini dakika kadhaa, muziki utageuka uwe ule wa Super Mario Bros ya 1985, umepigwa upya. Mimi niliupata kwa bahati, nilienda kupokea simu nikakuta tivii inapiga kitu kingine. (Samahani, ulisema hutaki majibu na nishakuharibia moja.)

Mkali wa kuficha vitu namna hii ni Kazumi Totaka, mtunzi wa muziki pale Nintendo, kampuni iliyotengeneza gemu lako. Ana kawimbo kake kafupi, noti 19 tu, amekuwa akikaficha kwenye gemu moja baada ya jingine. Kwenye Luigi's Mansion ya 2001 unatakiwa ukae kwenye skrini ya maelezo ya vitufe, kule kwenye chumba cha mazoezi, zaidi ya dakika 3 bila kugusa kitu. Sasa nani anakaa dakika 3 kwenye skrini ya vitufe? Ndo hapo.

Na siyo muziki peke yake, macho nayo yanapitwa hivyohivyo. Punch-Out!! ya 1987, gemu la ndondi la Nintendo, yule bondia Bald Bull akianza kukujia kwa kuruka, kuna flashi ya kamera inawaka kule nyuma kwa watazamaji, na hiyo ndo saa ya kumpiga. Wachezaji walikuwa wanamkodolea bondia mwenyewe, ikabidi watu wa Nintendo waje waseme wenyewe mwaka 2009, miaka 22 imepita! Kwa hiyo usijione mzembe.

Kama gemu lako ni la siku hizi, ingia kwenye mipangilio ushushe sauti za risasi na kelele za watu, uache muziki tu, halafu urudie steji unayoijua kwa kichwa. Kwenye konsoli yako ya zamani hiyo haipo, tumia mdogo wako.

Ila kuna kitu, umesema umeimaliza mara nyingi lakini hujasema kama ulishamaliza zile steji 8 za Special. Kama bado, zimalize zote halafu rudi mwanzo kabisa uitazame vizuri ramani, uwatazame na maadui. Safari hii sisemi zaidi.