Ukienda Dwarka kwa Janmashtami, usiing'ang'anie saa sita ya usiku

Janmashtami, sikukuu ya Kihindu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna, ikikaribia, ndugu na majirani hapa Dar es Salaam huniuliza swali lile lile: tukienda Dwarka, mji wa hija huko Gujarat, India, tufanyeje ili tuwe ndani ya hekalu saa sita ya usiku, saa anayozaliwa Krishna? Jibu langu ni kwamba wasiing'ang'anie saa hiyo, hasa wakiwa na mzee.

Mimi niliing'ang'ania. Nilikwenda na mama, mwenye miaka 71, ambaye wazazi wake walitoka Kathiawar, rasi ya Gujarat, kama wazee wa Wahindu wengi wa Dar na Mombasa. Alitaka kufunga bila hata tone la maji. Tulipanga foleni tangu jioni. Agosti huko Gujarat ni msimu wa mvua: joto la kunata, manyunyu ya ghafla, watu wamebanana bega kwa bega. Kufika saa nne mkono wake ulikuwa wa baridi. "Mwanangu, niketishe," akaniambia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akafungua chupa yake akamnywesha kidogo kidogo.

Saa sita ilitukuta nje, tumekaa kwenye ngazi 56 zinazoshuka kutoka Swarga Dwar, Lango la Mbinguni, hadi mto Gomti. Kengele zikalipuka, umati ukaitikia "Nand gher anand bhayo!", yaani furaha imeingia nyumbani kwa Nanda, baba mlezi wa Krishna. Mama akalia machozi ya furaha. Hakukosa kitu.

Kwa hiyo nendeni asubuhi. Siku nyingine Dwarkadhish, yaani sanamu ya Krishna kama mfalme wa Dwarka, huogeshwa pazia likiwa limefungwa, lakini asubuhi ya Janmashtami huogeshwa pazia likiwa wazi, kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kwangu mimi hiyo ndiyo neema kubwa ya siku nzima. Mkishamwona, rudini mkapumzike, kisha usiku mkae ngazini au kandokando ya mto.

Kufunga nako si lazima kuwe kukavu. Nafaka tunaziacha, lakini matunda, maziwa, viazi na sabudana (punje za wanga wa muhogo) vinaruhusiwa. Mzee anywe maji. Krishna ni mtoto aliyeiba siagi, hawezi kumkasirikia mama mwenye kiu.

Simu haziingii hekaluni, mnaziacha nje. Kabla hamjaziacha, kubalianeni mtakutana wapi mkipoteana, na mtoto apewe karatasi yenye jina la nyumba ya wageni mliyofikia.

Jipeni pia muda wa kuinua macho. Hekalu la kale lilibomolewa na jeshi la Sultani Mahmud Begada wa Gujarat katika karne ya 15, na hili la ghorofa tano, lenye nguzo 72, likajengwa upya baada ya hapo. Juu yake hupepea bendera ya kitambaa cha yadi 52, inayobadilishwa mara kadhaa kwa siku. Mtu hupanda hadi kileleni kuifunga, na chini familia iliyoitoa hucheza kwa ngoma. Tulisimama pale karibu saa nzima.

Mkirudi, mbebeeni panjiri waliobaki nyumbani: unga wa giligilani uliokaangwa kwa samli na kuchanganywa na sukari. Ni kavu, inahimili safari. Yetu mama aliifunga ndani ya kitambaa chake, na hadi tunafika nyumbani Kisutu, hapa Dar, kitambaa chote kilikuwa kinanukia.