Saa ya mkononi unaisahau, mdudu shingoni unamshtukia: ubongo unafanya nini, na unavyoweza kulipima

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini saa ya mkononi huisikii tena baada ya dakika chache, ilhali mdudu mwepesi kuliko saa hiyo akitua shingoni unageuka papo hapo? Pili, je, hilo linaweza kupimwa kwa EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi zilizowekwa kichwani? Linapimika, ila watu wengi hukosea sehemu moja, nami nitakaa hapo zaidi.

Kunyamaza kunaanzia kwenye ngozi yenyewe. Vipokezi vya Meissner na Pacini hutoa ishara mguso unapoanza na unapokoma. Vya Merkel huendelea, lakini kwa kasi inayopungua. Ishara hupanda uti wa mgongo, huvuka upande kwenye shina la ubongo, hupita thalamasi (kituo cha kupokezana ishara katikati ya ubongo), kisha hufika gamba la mguso la upande wa pili. Ukichochea neva ya kifundo cha mkono kwa umeme, wimbi la kwanza huonekana hapo baada ya takriban milisekunde (ms) 20. Mpaka sasa ubongo umepokea taarifa tu, haujashtuka.

Kati ya ms 100 na 200 ndipo linapotokea wimbi la kutolingana: mguso uliokuja haufanani na uliotarajiwa. Tofauti ikiwa kubwa, taarifa inachukuliwa na mtandao wa maeneo ya ubongo ambao watafiti Corbetta na Shulman waliueleza mwaka 2002, wenye makutano ya lobu ya temporali na parietali (juu na nyuma kidogo ya sikio) upande wa kulia, pamoja na sehemu ya chini ya lobu ya mbele upande huohuo. Insula ya mbele na singulati ya mbele, sehemu mbili za gamba zilizojificha ndani zaidi, hushiriki pia. Maeneo haya huitika hata sauti au mwanga ukibadilika ghafla, kwa hiyo msiyaite maeneo ya mguso. Kazi yao ni kukatiza ulichokuwa unafanya. Kwenye EEG hatua hii huonekana kama P300, wimbi chanya linalokuja takriban ms 300 baada ya mguso.

Sasa kipimo. Weka mota ndogo ya mtetemo kwenye kidole cha shahada na nyingine kwenye kidole cha mwisho. Toa mapigo 600: 510 ya kidole kimoja, 90 ya kingine, yakichanganywa bila mpangilio, ila kila pigo adimu litanguliwe na angalau mapigo mawili ya kawaida. Nafasi kati ya mapigo iwe ms 600 hadi 1000. Hiyo ni kama dakika 8.

Kosa lenyewe ni hili: mtu anachukua wimbi la kidole adimu, anatoa la kidole cha kawaida, anasema amepata mshangao. Hajaupata. Kila kidole kina eneo lake kwenye gamba, hivyo mawimbi yao yangetofautiana hata mapigo yangekuwa sawa kwa idadi. Rudia kipindi kizima kwa kubadilisha zamu, kisha linganisha kidole cha mwisho kilipokuwa adimu na kidole hichohicho kilipokuwa cha kawaida. Hata hapo bado kuna uchovu wa neva, maana kinachopigwa mara nyingi huitika kidogo. Ongeza kipindi cha tatu: vidole vitano vikipigwa kwa zamu zisizotabirika, kila kimoja kwa idadi sawa. Humo kidole cha mwisho nacho ni adimu (asilimia 20 ya mapigo, karibu na 15 ya awali), lakini hakuna kawaida inayovunjwa. Tofauti ikibaki hapo, una haki ya kuzungumzia matarajio.

Mota hizo hulia. Mpe mshiriki sauti ya mchakacho usiobadilika masikioni, la sivyo utapima sikio. Mikono iwe na joto, kwa sababu neva za mkono baridi hupitisha ishara polepole na mawimbi yote yatachelewa. Angalia pia kupepesa macho: pigo la ghafla humfanya mtu apepese, na umeme wa jicho hutua kwenye elektrodi za mbele, palepale unapotafuta sehemu ya mapema ya P300. Rekodi jicho kwa elektrodi zake, kisha ondoa vipande vilivyochafuka.

Kipindi kimoja mshiriki atazame filamu bila sauti. Kingine ahesabu mapigo adimu. Wimbi la kutolingana hujitokeza hata akiwa hana habari na mkono wake. P300 ya nyuma ya kichwa hukua sana anapohesabu. Ukichanganya vipindi hivyo viwili kwenye wastani mmoja, hutajua ni ubongo uliovutwa na mguso au ni mtu aliyekuwa anausubiri.