Kifaransa cha Bujumbura kilivyonipitisha mtihani wa Kijerumani

Jumanne nilipokea cheti changu cha Kijerumani cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za kujua lugha. Wewe uliyetoka Buyenzi, Goma au Uvira, mwenye Kifaransa cha shule na hamu ya kusomea uuguzi Ujerumani, ninakuandikia wewe.

Nilifeli mara mbili, zote sehemu ya kusikiliza. Mara ya pili mwalimu wa kozi aliniambia mbele ya darasa zima kwamba masikio yangu yameshazeeka, nirudi A2, ngazi mbili chini. Maneno yale bado yananichoma. Nilipofungua bahasha ya cheti nilimkumbuka yeye kabla ya kumkumbuka mama.

Kilichoniokoa ni ARTE. Ninaishi Kehl, mji wa Ujerumani mpakani, na tramu ikivuka mto Rhine tu uko Strasbourg, Ufaransa, yaliko makao makuu ya televisheni hiyo ya utamaduni. Ufaransa na majimbo 11 ya Ujerumani Magharibi yalitia saini mkataba wake tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja kabla ya Ujerumani kuungana, na matangazo yakaanza 30 Mei 1992. Majirani waliouana vita baada ya vita sasa wanatazama vipindi vilevile, kila mmoja kwa lugha yake. Inaendeshwa kwa fedha za umma, bila matangazo ya biashara. Na hapo ndipo nilipopata njia: nina lugha moja kati ya hizo mbili!

Nilianza na Le Dessous des cartes, kipindi cha ramani cha dakika kama 12. Kwanza nakitazama kwa Kifaransa hadi nikielewe chote. Kesho yake nakisikiliza kwa Kijerumani, ambako kinaitwa Mit offenen Karten. Maana ninayo tayari, sikio linabaki na kazi ya kushika maneno tu. Baadaye nikaongeza Karambolage, kinacholinganisha Wafaransa na Wajerumani kwa vitu vidogo vya nyumbani, na maneno ya namna hiyo ndiyo wazee ninaowahudumia wanayatumia kutwa.

Basi ndugu zangu, acheni kukionea haya Kifaransa chenu. Acheni kusubiri kozi ya bei kali. Kipindi kimoja, lugha mbili, daftari mkononi, kila siku. Rudia. Ukichoka, rudia tena.

Cheti nimeshakipiga picha. Namba ya yule mwalimu bado ninayo.